Jezi ya Msumarini

Katika kitongoji kile cha pembezoni mwa mji, mtu akionekana anakimbia hupigiwa makofi. Haijalishi anakimbilia nini. Mzee anayelifukuza basi lililomwacha kituoni, mama anayewahi nguo zake kambani kabla mvua haijazikuta, mtoto aliyetumwa chumvi akasahau na sasa anafidia muda, wote hupigiwa makofi na watu waliosimama mlangoni kwao, na lazima ipatikane sauti moja ya kumwambia anyanyue magoti. Ugonjwa huo uliletwa na shule.

Shule yenyewe ni ya sekondari, ya serikali, na ukiitazama kutoka barabarani hutaona cha kukusimamisha. Paa la maabara linavuja. Madawati ya kidato cha pili yameshikwa kwa waya, na maktaba ina vitabu vya kujaza kabati moja, la pili likabaki linashangaa. Ila kiwanja chake kinapigwa chokaa kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, na watoto wake wanakimbia. Shule za mjini zenye mabwawa ya kuogelea zikisikia jina lake kwenye ratiba ya mashindano, walimu wao hukuna vichwa.

Fahari ya shule ile ni mbio za kupokezana vijiti, na fahari ya mbio hizo ni jezi nne za kijani zilizoshonwa mwaka ilipofunguliwa. Mwaka huo wavulana hawakutosha, ikabidi wachukuliwe wawili, na wasichana wawili, na tangu hapo timu imekuwa hivyo hivyo. Jezi hazijawahi kubadilishwa. Zimetiwa viraka, zimepauka, rangi yake sasa ni kama jani lililosahaulika ndani ya kitabu, lakini ni zile zile. Huvaliwa siku ya mashindano, na siku ya mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano, basi.

Na kuna desturi. Mkimbiaji anapoondoka hukabidhi jezi ikiwa na jasho lake, haifui. Anayeipokea ndiye anayeifua, kwa mikono yake, kwenye bomba lililo nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, wenzake wakiwa wamesimama kimya. Kisha huianika juu ya mwamba wa goli. Ikikauka, ni yake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Mama Kiberiti aliijua desturi hiyo kuliko wengi. Yeye alikuwa fundi cherehani, chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa karakana, na jezi zile nne zilipita chini ya sindano yake kila mwanzo wa msimu. Kwa hiyo mwalimu wa michezo alipotokea mlangoni siku ile, hata kabla hajafungua mdomo, sindano ilimchoma kidole.

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa kitambi kikubwa, na filimbi haikumtoka shingoni hata msibani. Wanafunzi walimwita Filimbi. Walidhani hajui, ilhali alikuwa akiitika.

"Mama Kiberiti, habari za hapa?"

"Nzuri, mwalimu. Karibu ukae. Lakini kagua kiti kwanza, nimemwaga pini."

"Nikikalia pini nitapasuka, mama, mtaa wote udhani ni tairi la lori."

Mama Kiberiti alicheka, kidogo. Filimbi akaonekana kama mtu aliyepewa zawadi, maana kicheko cha mama yule kilikuwa hakijasikika muda mrefu. Akakaa kwenye ncha ya kiti, akaizungusha filimbi vidoleni.

"Msimu unafunguliwa," akasema. "Mwaka jana hatukupeleka timu ya vijiti, na tulifanya vyema. Hakuna aliyekuwa na miguu. Mwaka huu watoto wenyewe wamenijia."

"Nani anakimbia mwisho?"

"Sisimizi. Yule binti mfupi wa kidato cha tatu."

"Namjua. Nilimpunguzia sketi, nusu ya kitambaa ikabaki mezani."

"Ndiye huyo huyo. Mfupi, ila akikamata kijiti utadhani amebeba punje ya sukari anaipeleka kwao." Akaiachia filimbi kifuani. "Mama, sikulazimishi. Ukisema hapana, nitanunua jezi dukani, na watoto nitazungumza nao. Lakini nitakudanganya nikisema itakuwa sawasawa."

Mama Kiberiti alikinyonya kidole chake kilichochomwa. Akaangalia mlango wa chumba cha ndani.

"Mwambie aje Ijumaa mchana," akasema.

Jezi ya mkimbiaji wa mwisho ilikuwa humo ndani, kwenye msumari nyuma ya mlango.

Mwanawe alikuwa ameitwa Kiberiti kwa sababu alikimbia kama aliyewashwa. Angekabidhiwa kijiti akiwa wa tatu, wa nne, nyuma kabisa, haidhuru. Mtu akimwona anainamisha kichwa tu alijua sasa moto umeshika. Siku ya mazoezi ya mwisho, mwaka juzi, alirudi nyumbani akasema kichwa kinamgonga. Akavua jezi akaitundika msumarini, pale alipokuwa akitundika kila kitu. Mama yake alimpigia kelele kutoka jikoni, kama siku zote, kwamba msumari si kabati. Kijana akacheka, kama siku zote. Usiku homa ikapanda, shingo ikakakamaa, wakamkimbiza hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa uti wa mgongo, na kwamba ungekuja polepole wangepigana nao. Haukuja polepole. Kiberiti hakurudi tena kwenye chumba kile.

Wakati wa msiba, shangazi na mama wadogo walifua kila kilichofulika ndani ya nyumba: shuka, mapazia, soksi, hata begi la shule. Walipofika kwenye mlango ule walimkuta mama mtu amesimama mbele yake, mikono ameipanua. "Hii hapana," alisema. Hawakuuliza.

Tangu hapo, kila alasiri, mumewe akiwa kazini, aliingia chumbani humo, akafunga mlango, akaweka mikono nyuma asije akaigusa, akasogeza uso kwenye kifua cha jezi na kuvuta pumzi. Mara moja tu. Hakujiruhusu mara ya pili, kwani aliogopa kuimaliza. Kulikuwa na harufu ya jasho, na vumbi la kiwanja, na ile dawa ya kuchua misuli inayowasha macho. Na chini ya hizo zote kulikuwa na harufu nyingine isiyo na jina, aliyoijua tangu mtoto akiwa mchanga, ikikaa nyuma ya masikio yake. Miezi ilivyosogea ikawa inafifia. Siku nyingine ilimbidi asubiri kidogo kabla haijamjia. Lakini ilikuwa inakuja.

Sasa Ijumaa ingekuja na kipande cha sabuni.

Hakuweza kumwambia Filimbi kwamba atatoa jezi lakini isifuliwe. Angekuwa anaomba kutoa mkate usioliwa. Hakuweza kusema hapana vilevile, maana alikumbuka siku mwanawe alipoipokea: alivyoingia ndani vidole vimekunjamana kwa maji, akamwekea mikono puani anuse sabuni, akasema, "Mama, sasa ni yangu." Mtoto wa mwenzake naye alistahili kurudi kwao na vidole vya namna hiyo.

Ndipo akafikiria kitu ambacho fundi tu ndiye angekifikiria. Akaamua kushona nyingine.

Alizunguka kwa wauza vitambaa mpaka akapata kijani kinachokaribiana. Akakichemsha, akakianika kwenye jua kali, akakilowesha tena, akakisugua kwa jiwe la kusugulia miguu pale penye mabega, ambapo jezi huchakaa kwanza. Akakaa mbele ya msumari na tepu yake, akaipima jezi ya mwanawe bila kuigusa, tepu ikining'inia hewani upana wa kidole kutoka kwenye kitambaa, kama mtu anayempima mtoto aliyelala asimwamshe. Viraka akavifuatisha kimoja kimoja. Palipokuwa na mshono alioukosea miaka ya nyuma, akaukosea tena makusudi.

Hakumwambia mumewe. Baba Kiberiti alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache, na ujanani mwake alisoma shule ile ile, akakimbia wa tatu katika timu ile ile. Bomba lile la nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo yeye ndiye aliyekuwa akilitengeneza, bure, kila lilipoharibika. Mkewe alijua angesema nini kuhusu jezi ya bandia. Alichomwambia ni hiki tu: "Filimbi alikuja. Nimemwambia Ijumaa."

Baba Kiberiti aliweka kikombe chini.

"Umefanya vizuri," akasema, kisha akatoka nje kukagua bomba ambalo halikuwa na shida yoyote.

Ijumaa ilipofika, kazi ilikuwa imebaki namba ya mgongoni. Uzi mweupe wa kawaida uling'aa mno. Alihitaji uliogeuka kidogo, wa rangi ya meno ya mzee. Akaifunika jezi mpya kwa kipande cha kitambaa juu ya cherehani, akachukua mkoba.

"Nakwenda mara moja dukani," akamwambia mumewe aliyekuwa amerudi kula. "Yule mtoto akija, mwambie anisubiri."

Duka la kwanza halikuwa na uzi huo. La pili lilikuwa nao, lakini mwenye duka alikuwa na umbea wa kutosha siku nzima, na kumkatiza mtu anayekusimulia habari za wifi yake si adabu. Aliporudi, jua lilikuwa limeshavuka utosi. Jezi mpya ilikuwa pale pale, imefunikwa. Akashusha pumzi. Akaingia chumba cha ndani, kwa mazoea tu, akausukuma mlango.

Msumari ulikuwa mtupu.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mtoto wao, mikono katikati ya magoti.

"Amekuja," akasema. "Nimempa."

"Umempa ipi?"

Baba Kiberiti akainua uso. "Kwani ziko ngapi?"

Alisimama anauangalia ule msumari.

"Nilikwambia anisubiri," akasema hatimaye.

"Ulisema. Lakini nilimwona mtoto amesimama pale mlangoni na sabuni yake mkononi, ameifunga kwenye karatasi vizuri. Nikafikiri, kwa nini wewe ndiye uitoe msumarini kwa mkono wako? Mimi ni baba yake. Nikasema hili angalau nikupunguzie."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito akakitua pale alipoambiwa. Mama Kiberiti aligeuka akatoka, na alipofika barabarani akaanza kukimbia.

Alikuwa hajakimbia tangu utoto. Ndala moja ilikatika kwenye kona ya kwanza, akaiacha. Kitenge kilimfungia magoti, akakikamata kwa mkono mmoja, mkoba ukimpiga ubavuni. Kinyozi aliyekuwa mlangoni kwake akamwona, akaweka mashine chini, akaanza kupiga makofi. Mteja wake akatoka na shuka shingoni, naye akapiga. Wauza mboga wakasimama. "Twende, mama," akasema mmoja wao, "nyanyua magoti, bado kidogo." Watoto wakamsindikiza mpaka kwenye makutano wakishangilia. Barabara nzima ilimpigia makofi, kwa upendo kabisa, kama walivyompigia mwanawe, na yeye alikuwa akilia kwa namna ambayo anayekimbia huonekana anatoka jasho tu.

Alipita getini, akapita madarasa, akazunguka chumba cha kubadilishia nguo.

Walikuwa wamesimama nusu duara, wavulana wawili na msichana mmoja, na Filimbi pembeni amevua kofia. Katikati, mbele ya beseni, Sisimizi alikuwa amepiga magoti. Beseni lilikuwa limejaa povu, na povu lenyewe lilikuwa la rangi ya udongo. Lilikuwa ni vumbi la mwaka juzi. Binti alikuwa anafua polepole mno, kiganja juu ya kiganja, kama anayemwosha mtoto kichwa akihofia sabuni isimwingie machoni.

Mama Kiberiti alisimama pale, mguu mmoja na ndala, mwingine peku. Upepo ulimletea harufu ya sabuni. Alijaribu kuvuta nyingine nyuma yake, akasubiri kidogo kama alivyozoea kusubiri. Haikuja.

Sisimizi akainua kichwa. Alipomwona akaogopa, mikono ikasimama majini.

"Shikamoo, mama. Baba alisema umeenda dukani. Tungekusubiri, ila desturi inasema ikipokelewa ifuliwe..." Akameza mate. "Nimekosea?"

Wote wakamtazama. Filimbi alimtazama mguu usio na kiatu, kisha akamtazama usoni, na jambo fulani likaanza kumwingia akilini, maana aliufumba mdomo wake uliokuwa unataka kusema karibu.

Mama Kiberiti alikuwa na jibu. Lilikuwa limejaa kifuani, na lingetoka, mtoto yule asingeivaa jezi ile hata siku moja, na pengine asingekimbia tena. Alimwangalia. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukunjamana.

"Marahaba," akasema. Akasogea, akachuchumaa kando ya beseni. "Hujakosea. Ila hapo kwenye kola usisugue kwa nguvu, uzi wake ni wa zamani. Bonyeza tu. Hivi."

Akaingiza mikono majini. Ilikuwa mara ya kwanza kuigusa jezi ile tangu mwanawe alipoivua. Wakabonyeza pamoja, yule mtoto na yeye, mpaka maji ya mwisho yakatoka meupe.

Jua lilikuwa bado kali. Jezi ikaanikwa juu ya mwamba wa goli, ikawa inapunga mikono yake mifupi. Wanafunzi wakaenda kupasha misuli. Mama Kiberiti alikaa kwenye ngazi za zege za watazamaji, na baada ya muda akasikia mtu anakaa kando yake. Mumewe alikuwa ameshika ndala yake iliyokatika, na mapajani ameweka jezi mpya isiyo na namba.

"Niliinua kile kitambaa," akasema.

Mama Kiberiti akaipokea ndala, akaiweka chini.

"Umeishona vizuri. Hata ule mshono mbovu wa kwapani umeuweka." Akaipapasa. "Kwa hiyo nimeharibu."

"Hukuharibu."

"Ungeniambia."

"Ungesema ni uongo."

"Ningesema," akakubali. Wakatazama watoto wakizunguka kiwanja. Kisha akasema, bila kumwangalia, "Nilikuwa naingia asubuhi, kabla ya kwenda kazini, wewe ukiwa bado umelala. Nilikuwa nainusa. Mara moja tu, nisiimalize."

Mama Kiberiti aligeuka. Katika muda wote ule alidhani ni yeye peke yake. Alimtazama mwanamume yule, mikono yake yenye makovu ya spana, akawaza alivyoitoa jezi msumarini akijua kabisa anachokitoa, akampa mtoto mwenye sabuni, kisha akakaa kitandani kumsubiri mkewe.

"Na leo asubuhi?" akamuuliza.

"Leo nilivuta mara mbili."

Akamwegemea begani. Wakakaa hivyo mpaka Sisimizi alipokuja mbio, amevaa jezi kuijaribu. Ilikuwa imekauka, na ilimfika karibu na magoti. Alikuwa ametoka kunawa bombani, maji yanamchuruzika mikononi na shingoni, akawa anatafuta pa kuyafutia asiilowanishe.

"Shikamoo, baba. Mama, eti Filimbi, samahani, mwalimu, anasema nikikimbia hivi nitapaa."

"Jifute kwanza," akasema Mama Kiberiti, akaichukua ile jezi nyingine mapajani kwa mumewe, akampa. Binti akajifuta viganja, kisha shingo, kisha akaiangalia.

"Kitambaa kizuri hiki, mama. Kinanyonya maji."

"Baki nacho. Kiwe taulo lako."

Baba Kiberiti alikohoa, na ingekuwa siku nyingine angecheka. Mkewe alitoa pini kwenye ukosi wa blauzi yake, zilipokaa siku zote, akamgeuza mtoto, akaanza kuibana jezi ubavuni. Sindano ilikuwa mkobani, na ule uzi wa rangi ya meno ya mzee, uliotafutwa duka kwa duka, ukapata kazi.

"Usiogope kupumua," akamwambia. "Ukibana pumzi sasa, siku ya mbio itakubana."

"Unakata, mama?"

"Sikati. Nakunja tu kwa ndani. Atakayekuja baada yako huenda akawa na mabega."

Alishona upande wa kushoto, akashona wa kulia, akafunga fundo. Mkasi alikuwa ameuacha nyumbani. Akainama kuukata uzi kwa meno, uso wake ukiwa karibu kabisa na kifua cha jezi. Ilinuka sabuni na jua. Alivuta pumzi hata hivyo.